Kaa, konokono na uduvi wa Ziwa Tanganyika: ninaowafuga na ninaowaacha ziwani

Samaki mwenye njaa hukonda, ukamwona. Kaa na konokono hawakondi. Gamba linabaki na umbo lile lile hata nyama ya ndani ikiisha, na mwenye tangi anaendelea kuwaambia wageni kwamba mnyama wake hana shida yoyote. Kwa hiyo mimi mnyama asiye na uti wa mgongo simhesabu kuwa salama kwa sababu tu yu hai. Naangalia kama anakula chakula alichokuwa akila ziwani, kama anaongezeka ukubwa, na ikiwezekana kama anazaa. Asiyeweza hayo ndani ya kioo changu hapa Kigoma namwacha ziwani, awe mzuri namna gani.

Na wanashawishi kweli. Konokono wa ziwa hili wana mbavu na miiba kama wa baharini, na yavuyavu, wale wanyama laini kama jeli, wapo, kiasi kwamba mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza J.E.S. Moore alijenga hoja kwamba ziwa liliwahi kuungana na bahari. Hoja hiyo ilikufa. Wanyama hawa walijibadili humu humu kwenye bonde la ufa. Kwa mfugaji maana yake ni nzito zaidi: wengi wao hawako popote pengine duniani.

Kabla ya mnyama, ruhusa. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 haiwahusu wavuvi wa dagaa peke yao, kwa hiyo naanzia kwa afisa uvuvi. Gombe na Mahale sigusi. Mpaka wa Hifadhi ya Mahale unaingia ndani ya maji kilomita 1.6, na watu husahau hilo wakiwa kwenye mtumbwi.

Tangi langu ni la sentimita 90 kwa 45 kwa 45, kioo cha milimita 8. Likishapangwa mawe hubaki lita kama 150 za maji. Maji nayachota ufukwe wa mawe, mbali na bandari na mbali na mdomo wa Mto Luiche, hasa baada ya mvua. Madumu yanakaa yamefunikwa saa 48 bila konokono ndani ndipo natia mkono. Hiyo ni kwa ajili ya kichocho: viluwiluwi vyake vikitoka kwenye konokono haviishi zaidi ya muda huo visipompata mtu. Kwenye ghuba zenye majani mengi sichoti kabisa.

Kinachoua wanyama wengi kwenye matangi ya maji ya Tanganyika ni amonia, sumu inayotokana na kinyesi na chakula kinachooza, na sababu ni pH, kipimo cha uchachu wa maji. Maji ya ziwa yana pH karibu 9. Amonia hukaa majini kwa sura mbili, moja kali na moja isiyo kali sana. Kwenye pH 7 na nyuzijoto 25, sehemu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 inazidi theluthi moja. Kiasi kile kile cha uchafu ambacho tangi la maji ya kawaida lingekimeza bila mtu kujua, hapa ni sumu. Kipande cha dagaa kilichosahauliwa chini ya jiwe usiku mmoja kinatosha kuangusha uduvi wote. Ndiyo maana chakula kisicholiwa nakitoa baada ya saa mbili, na tangi jipya nalianzisha tupu: mawe, mchanga, machujio mawili ya sponji yanayoendeshwa na pampu ya hewa, na dagaa mmoja aoze humo. Bakteria wanaochukua amonia huhitaji wiki nne hadi sita. Kipimo cha matone kikisoma sifuri kwa amonia na kwa nitraiti, sumu inayobaki bakteria wakishachukua amonia, ndipo mnyama wa kwanza anaingia. Sponji naikamulia kwenye ndoo ya maji ya tangi. Ukiisuuza kwa maji ya bomba yenye klorini, umewaua bakteria na umerudi mwanzo.

Umeme ukikatika, bakteria na wanyama wote wanagombea hewa ile ile. Pampu ya akiba ya betri ni lazima. Asiyeweza kuinunua asianze kufuga. Bei yake iingie kwenye hesabu ya kioo tangu siku ya kwanza.

Sumu ya kuulia mbu inataka maelezo yake. Dawa za kupulizia na zile za vyandarua ni jamii moja, na kwa kaa na uduvi ni kali kuliko kwa samaki, kwa sababu zimetengenezwa kuua wadudu na hawa ni ndugu zao. Nimeona watu wakifunika tangi kwa kipande cha chandarua chenye dawa ili kaa asitoroke, au wakikitumia kuchotea uduvi. Uduvi huanza kurukaruka, kisha hulala ubavu. Pampu ya hewa nayo huvuta hewa ya chumba na kuipeleka majini, hivyo chumba chenye tangi hakipuliziwi, na pampu nimeiweka dirishani. Dawa za samaki zenye shaba nazo zikae mbali. Shaba inayotibu samaki huua konokono.

Sasa kaa. Ninayemfuga ni Platythelphusa armata, kaa anayepatikana ziwa hili tu, mwenye gando moja nene la kuvunjia. Chakula chake kikuu ni konokono, na konokono wa ziwa hili wamekuwa na magamba manene kupita kawaida ya maji baridi kwa sababu ya kushambuliwa na kaa kama huyu kwa vizazi na vizazi. Ukimlisha mkate au minofu peke yake atakula, lakini si maisha yake. Hapa ndipo swali la haki linapokuja mara mbili: kumweka kaa mmoja ni kuamua pia nani ataliwa. Sichukui konokono wa ziwani kumlisha. Nafuga Melanoides kwenye beseni la lita 40, wale wembamba wenye ncha. Jike huzaa bila dume, hivyo wachache hujaza beseni. Kaa mkubwa anapewa wanne au watano kwa wiki, na kati yao kipande cha dagaa mbichi asiye na chumvi, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Dume mmoja na jike mmoja, basi. Kila mmoja anahitaji mapango mawili, si moja, kwa sababu ya kujivua gamba. Siku chache kabla hujificha na kugoma kula. Akitoka kwenye gamba la zamani mwili ni laini kama ngozi ya kidole, na mwenzake akimkuta anamla. Simgusi wala kuinua mawe mpaka nimwone mwenyewe anatembea na kula. Gamba la zamani nalipima upana wa mgongo kwa rula, naandika, kisha nalirudisha, maana mara nyingi hulitafuna. Vipimo hivyo ndivyo vinavyosema ukweli: kaa aliyeshiba huacha gamba pana kuliko lililotangulia, na mwenye njaa hujivua akabaki vile vile. Nikiona magamba mawili ya upana mmoja, nabadili lishe hata kama kaa anaonekana mzima. Gando lililokatika huota tena baada ya kujivua mara kadhaa, hivyo si sababu ya kumtupa.

Mfuniko uwe mzito. Kaa hupanda kwa mpira wa hewa na kwa silikoni ya kona. Jike mwenye mayai au watoto chini ya tumbo simchukui kabisa. Kaa wa maji baridi hutaga mayai machache, na watoto hutoka wakiwa tayari kaa wadogo.

Wapo wanaosema kaa hana maumivu. Mtafiti Robert Elwood na wenzake huko Belfast, Ireland ya Kaskazini, waliwapa kaa wakaao kwenye makombe mshtuko mdogo wa umeme, na waliokuwa kwenye kombe walipendalo walivumilia kuliko waliokuwa kwenye kombe baya. Mnyama anayepima hasara na faida namna hiyo simchukulii kama jiwe linalotembea. Uingereza iliwaingiza kaa na pweza kwenye sheria yake ya ustawi wa wanyama mwaka 2022. Kaa aliyepasuka gamba asiyeponyeka sitii kwenye maji ya moto. Namweka kwenye barafu iliyopondwa na maji angalau dakika 20, hadi asichezeshe macho wala mdomo akiguswa, kisha kisu.

Konokono wa Lavigeria hufugika, kwa masharti. Hula utando wa mwani kwenye mawe, na tangi safi la sebuleni halina utando wa kutosha. Nina beseni juani lenye mawe bapa. Kila wiki nabadilisha matatu, lililoota mwani linaingia na lililolambwa linatoka. Kwa lita 150 sizidishi sita. Aliyeshiba huongeza ukingo mpya mwembamba mdomoni mwa gamba, na huzaa watoto hai wadogo kama punje ya mtama. Anayejivuta ndani sana, ukaona nafasi tupu mbele ya kifuniko kinachoziba mdomo wa gamba, ana njaa ya muda mrefu. Kifuniko kikilegea na harufu ikitoka, mtoe upesi kwa sababu ya ile amonia.

Uduvi wa ziwa ni wadogo mno, hivyo hawakai na kaa wala samaki. Wanazoeshwa maji ya tangi kwa matone kabla ya kuingia: mpira mwembamba wenye fundo, matone mawili kwa sekunde, mpaka maji ya chombo yaongezeke mara tatu.

Neothauma, yule konokono mkubwa wa mviringo, namwacha. Hujizika kwenye mchanga na kuishi kwa chembechembe ambazo tangi langu halina. Hata makombe yake matupu siyakusanyi, kwani kuna samaki wadogo wanaoishi na kutagia humo. Sifongo zilizoganda kwenye mawe nazo zibaki: hewa ikiingia kwenye vitundu vyake inaziba, na kipande huanza kuoza kikiwa bado kina rangi nzuri.

Yavuyavu wa Tanganyika, Limnocnida, ndiye ninayeombwa kuliko wote. Ana upana wa kama sentimita 2, kioo kitupu na minyiri pembeni. Anahitaji chombo cha duara kisicho na kona, mzunguko wa maji wa polepole usio na povu, na wadudu hai wa ziwani kila siku. Povu likiingia chini ya mwavuli humpeleka juu na kumchana, chujio humvuta, kona humkwangua. Ziwa likitulia na wakapanda juu, namwonyesha mtu kwa chupa pana ya lita 3 pale pale kwenye mtumbwi, kivulini, dakika kumi, kisha chupa inazamishwa majini na kuinamishwa atoke mwenyewe. Kumimina kutoka juu humrarua.

Kila ndoo naiandika jina la ufukwe, kwa kuwa wanyama wa ghuba moja hawafanani na wa ghuba ya pili. Ninayemrudisha anarudi alikotoka, na awe hajachangamana na mnyama wa dukani. Aliyechangamana nakaa naye hadi afe. Kumwachia ni kupeleka magonjwa ziwani.

Kutoka Tabora naulizwa kuhusu anemone, wanyama laini wa baharini wenye minyiri, waletwe kwa treni au basi kutoka Dar es Salaam. Nakataa. Chumvi peke yake ni gramu 35 kwa lita, na chumvi ya jikoni haifai kwa kukosa kalisi na magnesi. Mnyama awezaye kuishi miongo mingi baharini anawekwa kwenye mfuko wa plastiki kwa zaidi ya kilomita 800, kisha kwenye chumba chenye umeme wa kubahatisha. Anayetaka kuanza Tabora aanze na Melanoides, tangi la lita 60. Maji ya bomba yanayotoka Ziwa Victoria yana madini machache: yakae wazi siku nzima klorini itoke, kisha kwa kila lita 100 gramu 40 za chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesi) na gramu 40 za bekingi soda, na mawe ya chokaa ndani ya tangi. Usiku wa Juni na Julai hita ya wati 50 iwashwe, lengo nyuzi 25. Konokono wasiingie mpaka kipimo cha amonia kisome sifuri wiki nzima, na wakizidi wasimwagwe Bwawa la Igombe.