Siku moja maishani mwangu: fomu foo, sayansi, Pemba

Saa 10 na nusu alfajiri. Alamu ya simu ya mama inalia kabla ya adhana. Hii saa naipenda kwa sababu nyumba nzima imelala na hakuna wa kukutuma dukani. Leo nilikuwa na bayoloji, moyo na mishipa yake. Wadogo zangu wa fomu wani na tuu sikieni, chora, usikodolee macho daftari tu, maana zile valvu utazichanganya kulia na kushoto mpaka siku ya mtihani. Baada ya sala nikachota maji, nikafagia uwani, chai na muhogo wa kuchemsha, haya twende.

Saa 12 na robo nipo njiani, natokea Wawi naenda Chake. Makonda wengine wakiona sare za skuli wanajifanya hawajatuona kabisa, nauli yetu ndogo bwana, gari inapita hivi hivi ina nafasi. Na msimu wa karafuu huu, kila uwanja una jamvi, njia nzima inanukia, ukikaribia kile kiwanda cha makonyo, vile vijiti vya karafuu, ndo balaa. Zamani nilikuwa nakipita tu, mpaka ticha wa kemia alipotufundisha kutenga michanganyiko akatuuliza, nyie watoto wa Wawi mnajua mle ndani wanafanya nini? Kumbe makonyo yanapitishiwa mvuke, mafuta yanapanda pamoja na mvuke, vikipozwa vinarudi kuwa majimaji halafu mafuta yanajitenga. Na mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama, si kama ya kupikia yanayoelea. Distilesheni mi siisahau tena.

Saa 1 na nusu hesabu, logarithimu, sina la kusema.

Saa 3 fizikia, transfoma. Ticha akaanza na umeme wetu wenyewe, unaotoka upande wa Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tokea 2010. Kwa nini unasafirishwa kwa volteji kubwa? Darasa kimya. Akaandika ubaoni kwamba umeme unaopotea kama joto kwenye waya ni mkondo kipeo cha pili mara ukinzani. Sasa ukipandisha volteji mara 10 kwa nguvu ile ile, mkondo unashuka mara 10, upotevu unashuka mara 100. Mara 100! Fomula hiyo tulikuwa nayo kwenye daftari siku nyingi wala hakuna aliyeshtuka.

Saa 5, maabara. Hii ndo sehemu niliyokuwa naisubiri tangu jana. Praktiko ya titresheni, yaani kudondoshea asidi kidogo kidogo upate inatosha kiasi gani, bureti (ule mrija mrefu wenye vipimo na koki) moja watu sita na maji ya bomba hakuna, tukachota kwa ndoo kisimani ya kuoshea vyombo, yale safi ya distilesheni tukayaficha kwa ajili ya kusuuzia tu. Asidi ya haidrokloriki ya molari 0.1, yaani moli 0.1 kwa lita, kwenye bureti, kaboneti ya sodiamu sentimita za ujazo 25 kwenye flaski, indiketa ya kubadili rangi ni methili oranji. Unaweka karatasi nyeupe chini ya flaski. Mwanzo ni njano, unafungua koki unazungusha flaski, unafungua unazungusha, halafu pale mwisho ni tone kwa tone, jicho usawa wa ule mkunjo wa chini wa maji, na kuna tone huwa linaning'inia kwenye ncha halitaki kuanguka, ukilipuuza hesabu yako imeharibika. Maji ya kwenye flaski yakibadilika kuwa rangi ya chungwa unasimama hapo hapo. Yakiwa mekundu umepitiliza, mwaga anza upya. Ya rafu, ile ya kujaribia isiyohesabiwa, tukapata 24.30, halafu 24.00, 24.10 na 23.90, wastani 24.00, tulishangilia mpaka ticha akatutolea macho.

Mi nawaambia, wanaosema kemia ngumu wengi wao hawajawahi kushika bureti. Wamesoma bureti kwenye picha, tena kwa Kiingereza, halafu peipa ya praktiko inawakuta baridi.

Mchana wali na mchuzi wa changu, kulala kidogo, tuisheni mpaka alasiri, kisha kumsaidia bibi kuchambua karafuu, tunatoa makonyo huku ananiuliza hiyo sayansi italipa lini. Bibi hajui utani.

Saa 3 usiku, grupu la darasa limewaka. Swali lilikuwa ile kaboneti ina molekuli ngapi za maji, yaani kutafuta x, wamekupa gramu 13.73 kwa lita. Mi nimepata molariti 0.048, masi ya moli 286, toa 106 ya kaboneti yenyewe, gawa kwa 18 ya maji, x ni 10. Shoga yangu mmoja kapata 2 na anajiamini huyo, katuma na picha ya daftari kaipigia mstari kwa peni nyekundu! Kuangalia, kachukua asidi na kaboneti kuwa moli 1 kwa 1 wakati ni 2 kwa 1, kwa hiyo molariti yake imetoka mara mbili. Nikamtumia voisi ya kumfahamisha, mama pembeni anasikia yote maana simu yake. Akajibu, "Ah! Sasa n'andike upya yote?" Nikamwambia andika, na kesho uniletee daftari langu la fizikia lina wiki kwako.