Jinsi Nilivyofanikiwa Kuipanga Historia ya Mkanda wa Kusini wa Mieleka ya Wawili Wawili

Mkanda wa Kusini wa mieleka ya wawili wawili, ule uliokuwa ukishindaniwa Tennessee na majimbo jirani, ulipita mikononi mwa jozi nyingi kiasi kwamba hata mashabiki wa Memphis waliokuwa wakiingia ukumbini kila Jumatatu usiku hukwama wanapoombwa kuzitaja kwa mfuatano. Nilihamia mji huo nikiwa mtu mzima. Nilikulia Dar es Salaam, ambako mieleka ya Marekani tuliijua kwa kanda za video za kukodi, na tuliyoyaona humo yalikuwa ya kampuni moja kubwa tu. Nilipotambua kwamba wengi wa wanamieleka wale walipikwa kwanza Memphis, niliamua kuandika kwa Kiswahili historia ya mkanda huu mmoja, kuanzia siku za mwanamieleka Jackie Fargo hadi ulipoachwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Hapa naeleza jinsi nilivyoifanya kazi hiyo, kwa sababu njia niliyoitumia inaweza kumfaa yeyote anayetaka kuandika historia ya ubingwa wa mkoa wowote.

Jambo la kwanza lilikuwa kujua ni mkanda upi hasa ninaouandikia. Chama cha mapromota kilichoitwa National Wrestling Alliance, yaani NWA, kilianzishwa mwaka 1948, na wanachama wake waligawana nchi kama mashamba: kila promota alikuwa na eneo lake, televisheni yake, kumbi zake na mikanda yake. Jina la ubingwa wa Kusini likatumika Florida, Georgia, pwani ya Ghuba ya Meksiko na Tennessee, kila mahali likiwa mkanda tofauti wenye mabingwa wake. Orodha nyingi nilizokutana nazo zilichanganya mabingwa wa maeneo hayo, na ndiyo sababu jozi moja ilionekana kupoteza ubingwa mahali ambapo haikuwahi kupigana. Nilianza kwa kufuta kila pambano lililofanyika nje ya eneo la Nick Gulas na Roy Welch, mapromota waliokuwa na makao Nashville. Orodha ilipungua sana, lakini kilichobaki kilikuwa cha mkanda mmoja.

Jambo la pili, ambalo ndilo lililofungua njia, lilikuwa kuijua ratiba ya wiki. Wanamieleka wa eneo hili walikuwa watu wa barabarani. Baada ya Memphis Jumatatu, walikwenda Louisville, Kentucky, siku ya Jumanne, na Evansville, Indiana, siku ya Jumatano. Siku zilizobaki waligawana miji midogo kama Tupelo, Mississippi, na Jonesboro, Arkansas. Jumamosi asubuhi walirudi Memphis kwa kipindi cha televisheni cha dakika 90 kilichorushwa moja kwa moja, Lance Russell akitangaza pamoja na Dave Brown, ambaye pia alikuwa mtabiri wa hali ya hewa wa kituo cha televisheni. Miji mingine ilipelekewa kanda ya kipindi hicho baadaye. Ukilielewa hili, unaelewa kwa nini bingwa wa Memphis angeweza kutangazwa kuwa mpinzani tu huko Louisville katika wiki hiyo hiyo: habari zilikuwa bado ziko njiani. Kwa hiyo sikuandika tarehe yoyote bila kuandika mji pembeni yake, na tarehe iliyokosa mji niliiweka kando mpaka nilipoupata.

Ushahidi wenyewe niliutafuta katika maktaba kuu ya Memphis, iliyoko barabara ya Poplar, kwenye chumba kinachohifadhi mambo ya mji na wilaya yake. Humo kuna mikrofilamu za magazeti ya zamani. Unaipachika filamu kwenye mashine, unazungusha, na kurasa zinakimbia mbele yako kama abiria wanaowahi daladala, mpaka unapofika kwenye michezo. Habari za mieleka hazikupewa nafasi kubwa, kwani wahariri wengi hawakuiheshimu. Lakini tangazo la kulipiwa lilikuwepo, na tangazo lina faida kubwa kuliko habari: promota alilipa fedha zake ili watu wajue nani anapigana na nani, na kama mkanda unashindaniwa. Nikajiwekea kanuni. Mabadiliko ya ubingwa nitayakubali pale tu ambapo tangazo la wiki inayofuata katika mji huo huo linawaita washindi mabingwa. Kumbukumbu za watu nilizipokea kwa shukrani, ila zilisaidia kunielekeza pa kutafuta, hazikuchukua nafasi ya gazeti.

Nitoe mfano wa kumbukumbu iliyonisaidia. Mzee mmoja tuliyekuwa tukikutana maktabani, ambaye ujana wake wote aliutumia akishangilia Jumatatu usiku, aliniambia nisihangaike na miezi ya kiangazi kwanza, bali nitafute pale ambapo jozi mpya inaingia kutoka nje. Alisema, “Mgeni hapewi mkanda ili akae nao. Anapewa ili mwenyeji amnyang’anye, na watu walipe kuja kuona.” Maneno hayo yalinieleza kazi ya mkanda kuliko maelezo yoyote marefu. Matokeo yalipangwa, hilo halina ubishi, lakini yalipangwa kwa hesabu: jumba la Mid-South Coliseum lilikuwa na viti zaidi ya 10,000, na lilipaswa kupata watu kila wiki kutoka mji ule ule, watu walioona pambano la wiki iliyopita na wanaotaka sababu ya kurudi. Mkanda wa jozi ulitoa sababu nyingi zaidi kuliko mkanda wa mtu mmoja, kwa kuwa una watu wanne, na yeyote kati yao anaweza kumsaliti mwenzake, kuumia, au kuleta ndugu yake.

Miaka ya mwanzo niliipitia haraka. Jackie Fargo ndiye aliyeitawala, kwanza akiwa na Don Fargo, wakitambulishwa kama ndugu ingawa hawakuwa ndugu wa damu, kisha na washirika wengine, akiwemo Tojo Yamamoto, mzaliwa wa Hawaii aliyeigiza adui Mjapani miaka ambayo vita ilikuwa bado mbichi vichwani mwa watu, na ambaye baadaye alipendwa na wale wale waliomzomea. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970 anaingia Jerry Lawler, kijana wa Memphis mwenye kipaji cha kuchora, akiwa na mwenzake Jim White na meneja wao Sam Bass. Kuanzia hapo historia ya mkanda huu haiwezi kutenganishwa na Lawler.

Fundo gumu lilikuwa mwaka 1977. Jerry Jarrett, aliyekuwa akiisimamia sehemu ya magharibi ya eneo kwa niaba ya Gulas, alijitenga naye. Chanzo kikubwa kilikuwa George, mtoto wa Gulas, ambaye baba yake alimpandisha juu kuliko uwezo wake ulingoni. Lawler alimfuata Jarrett, kipindi cha televisheni kikahamia kituo cha Channel 5 cha Memphis, na Russell na Brown wakahama nacho. Gulas akabaki na Nashville. Waandishi wengi wa orodha wameendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, wakiunganisha mabingwa wa pande zote mbili kwenye safu moja, na matokeo yake ni jozi mbili kuwa mabingwa kwa wakati mmoja. Mimi nilichora mstari hapo na kuanza safu mbili. Safu ya Nashville inakwisha mapema, kwa sababu Gulas alifunga shughuli zake takriban mwaka 1980. Safu ya Memphis inaendelea chini ya kampuni ya Jarrett, Continental Wrestling Association, iliyoshirikiana na AWA, chama kingine cha mieleka chenye makao Minneapolis. Ndipo mkanda ukaanza kuitwa wa Kusini wa AWA. Jina lilibadilika, wakati wanamieleka, kumbi na mashabiki walikuwa wale wale, na kwa maoni yangu huo ndio uzi wa kuufuata.

Pambano moja nimelipa nafasi kubwa kuliko yote. Ijumaa ya tarehe 15 Juni 1979, mjini Tupelo, Lawler na Bill Dundee walipoteza mkanda kwa Wayne Ferris na Larry Latham. Dundee alizaliwa Uskoti akahamia Australia akiwa kijana, na alikuwa ama rafiki mkubwa wa Lawler ama adui yake mkubwa, kutegemea mwezi. Kilichofanya siku hiyo ikumbukwe kilitokea baada ya kengele. Ugomvi ulitoka ulingoni ukaingia kwenye kibanda cha kuuzia vyakula na vinywaji, na kamera ikaufuata. Nimeitazama filamu hiyo mara nyingi: watu wanne katika chumba chembamba, mitungi ya haradali inaruka, sakafu imelowa kiasi kwamba hakuna anayeweza kusimama sawasawa, na Russell, mtu mtulivu aliyevaa tai, anaeleza anachokiona kwa sauti ya mtu ambaye hajui kama awaite polisi. Filamu ilirushwa Jumamosi, na Memphis nzima ikaijua Tupelo.

Miaka miwili baadaye, mwezi Septemba 1981, jambo kama hilo lilirudiwa Tupelo hapo hapo. Mara hii walikuwa vijana Ricky Morton na Eddie Gilbert dhidi ya Wajapani wawili, Atsushi Onita na Masa Fuchi, waliokuwa chini ya Tojo Yamamoto. Onita alirudi kwao, na mwaka 1989 akaanzisha kampuni ya FMW, iliyojulikana kwa mapambano ya waya wa miiba na milipuko. Sioni namna ya kueleza mieleka ya aina hiyo bila kupita kwenye kibanda kile cha Mississippi, na ninasikitika kwamba wengi wanaoishabikia hawajawahi kusikia jina la Tupelo.

Kazi nyingine iliyohitaji uangalifu ilikuwa majina. Mwanamieleka hubadili jina anapobadili mji, na usipokuwa makini utaandika watu wawili badala ya mmoja. Latham wa Tupelo ndiye Moondog Spot aliyerudi Memphis na kupambana na jozi ya Fabulous Ones, nitakayoieleza hivi punde. Ferris, ambaye ni binamu yake Lawler, ndiye Honky Tonk Man aliyekuja kushika ubingwa wa Intercontinental wa WWF, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, kwa siku 454, kuanzia Juni 1987. Nilitengeneza kadi kwa kila mtu, si kwa kila jina, na majina yote nikayaandika juu ya kadi moja.

Kadi hizo ndizo zilizonionyesha utajiri wa mwaka 1982 na 1983. Jarrett aliwaunganisha Steve Keirn na Stan Lane, Jackie Fargo akawatambulisha kama warithi wake, na filamu fupi za muziki zikawaonyesha wakiwa na kofia ndefu na tai za kipepeo. Wakaitwa Fabulous Ones, na wasichana wakajaza viti vya mbele. Mwaka 1983 Ricky Morton na Robert Gibson waliunganishwa kuwa Rock ’n’ Roll Express, wakitumwa miji ambayo Fabulous Ones hawakuweza kufika. Koko Ware alishika mkanda na Bobby Eaton, kisha na Norvell Austin. Mwishoni mwa mwaka huo, promota Bill Watts wa kampuni ya mieleka ya Mid-South, iliyokuwa na eneo lake nje ya Tennessee, alikuja, akaona, akabadilishana wanamieleka na Jarrett: Morton, Gibson, Eaton, Dundee na meneja kijana Jim Cornette wakaondoka. Ndiyo maana kadi zangu za majira hayo zinageuka ghafla na majina mapya yanajazana. Orodha peke yake ingeonyesha vurugu tu, bali ratiba na matangazo yanaonyesha promota aliyepoteza jozi zake bora na anayejaribu nyingine moja baada ya nyingine mpaka watu wamkubali mtu.

Miaka iliyofuata mkanda ulizidi kupungukiwa na uzito, kwani WWF ilikuwa inanunua muda wa televisheni kila mahali na kuchukua wanamieleka wa mikoa. Kabla ya mwaka 1989, Memphis ilipoingia katika jina jipya la USWA na mikanda mipya, mkanda wa Kusini wa jozi ulikuwa umekwisha kuachwa. Safu yangu inaishia hapo. Nimeiandika kwa vipengele vinne: jozi iliyoshinda, jozi iliyoshindwa, mji, na tangazo linalothibitisha. Vijana wawili wa Kitanzania wanaofuatilia mieleka wameniomba nakala, nami nimewapa pamoja na kadi za majina, ili waanze na ubingwa wa Florida.