Tarangire na jinzi yangu
Saa kumi alfajiri nikasikia mngurumo nje ya hema, nikadhani jenereta ya kambi. Kumbe simba! Asubuhi tukashuka mtoni. Kiangazi hiki maji yamebaki vidimbwi, kwingine mchanga mtupu. Tembo jike akachimba kwa mguu wa mbele, akaingiza mkonga shimoni, akasubiri maji yajichuje ndipo akanywa. Mtoto akapenyeza kamkonga kake, akasukumwa pembeni. Tulikaa pale karibu saa nzima, injini imezimwa, kimya.

Mbung'o sasa! Dereva alituonya tusivae bluu wala nyeusi, rangi hizo zinawavuta. Mimi na jinzi yangu nikajifanya sijasikia. Mapaja yote yamevimba.

Chui hatukumwona, na wala sijali. Jioni pundamilia wamepita nyuma ya hema, ugali wangu ukapoa mezani.