Mshale ukiruka upogo, kigumba kikali hakisaidii

Kigumba cha kuwindia kina mabawa. Hukamata hewa mbele kama manyoya yanavyoikamata nyuma, na uti (fimbo ya mshale) ukitoka upindeni umekaa upande, kigumba huuvuta huko huko. Ncha ya mazoezi huficha kosa hilo. Mshale unaomgonga mnyama ukiwa upogo hupoteza nguvu kwa kupinda badala ya kuzama, naye hukimbia na jeraha. Hakuna mwindaji anayestahili kulivumilia hilo.

Anza na ugumu wa uti. Namba 400 iliyoandikwa juu yake maana yake ni hii: ukiulaza juu ya mihimili miwili iliyoachana inchi 28 na kutundika pauni 1.94 katikati, hushuka inchi 0.400. Namba ikiwa ndogo, uti ni mgumu. Lakini upote, yaani kamba ya upinde, unapousukuma mambo hubadilika: uti mrefu hujipinda zaidi, na ncha nzito huuongezea kujipinda. Kwa hiyo badilisha ncha kwanza, greini 25 (kama gramu 1.6) kila mara. Msumeno uje mwisho, maana kilichokatwa hakirudi. Uti wa kaboni ukatwe kwa diski ya kusaga, kwani kikata bomba huponda nyuzi zake. Vaa barakoa, vumbi lile ni baya kwa mapafu.

Kwa upinde usio na kapi, unaovutwa kwa vidole, simama mita 18 upige mishale mitatu yenye manyoya na miwili isiyo nayo, yote kwa ncha moja. Sawazisha juu na chini kwanza. Mitupu ikitua chini ya mingine, alama ya kupachikia mshale kwenye upote iko juu mno. Ishushe milimita 1, upige tena. Kisha tazama pembeni: kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, mitupu ikienda kushoto uti ni mgumu mno, ikienda kulia ni laini mno.

Sasa funga vigumba vyenye uzito ule ule wa ncha. Zungusha kila mshale ukisimama kwa ncha yake; kigumba kikiyumba, kifunge upya au kiache. Kwenye upinde wa kapi, vigumba vikitua kushoto kwa ncha za mazoezi, sogeza egemeo la mshale kulia kidogo sana. Vikitua chini, liinue. Mshale mmoja tu ukikaidi, usiguse upinde: geuza kishikio chake cha upote, ujaribu tena.

Uzito wote wa mshale usishuke chini ya greini 5 kwa kila pauni ya mvuto wa upinde, la sivyo mikono ya upinde inaweza kupasuka.