Gaza wanaijua mtaa kwa mtaa, ila ami kafa na nini hawajui

Kijiweni kwetu Ngamiani siku hizi kila mtu ni jemadari. Muuza kahawa hajamaliza kugonganisha vikombe vyake, mzee mmoja keshafungua ramani kwenye simu anakuonyesha Rafah iko wapi, Khan Younis iko wapi, na droni za Ukraine zinaingia ndani ya Urusi umbali gani. Wakati naondoka Tanga, mzee huyuhuyu alikuwa akimwita mjukuu amsomee meseji. Leo ana chaneli zake za vita, na akitoka kuswali alfajiri jambo la kwanza ni kutazama usiku kumepigwa wapi.

Mliokulia huku mnaijua Tanga yetu ya redio moja barazani. Taarifa ya habari saa mbili usiku, halafu matangazo ya vifo: habari ziwafikie fulani wa Korogwe, fulani wa Pangani, na ndugu na jamaa popote walipo. Mtoto akilia wakati ule alitolewa nje. Vita vya Kagera baba zetu walivifuata hivyohivyo, kwa sikio, na ile hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978, uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo, watu wazima wa hapa bado wanaisema kwa ghibu. Redio ilikuwa moja na rai ilikuwa moja. Ng'ambo ya pili Amin naye alikuwa na redio yake, inatamba kwamba Kagera imeshakuwa ya Uganda. Aprili 1979 Kampala ikaanguka, basi ikajulikana redio ipi ilikuwa inasema kweli.

Sasa vita wanavigawana kama Simba na Yanga. Kuna bajaji mbili pale stendi, moja ina kibendera cha Urusi, ya pili ina cha Palestina, na madereva wao wanabishana abiria keshakaa. Petroli ilipopanda mwaka 2022 baada ya Urusi kuingia Ukraine waliumia wote wawili, lakini upande wao hawakubadili. Nikawakumbusha yule kijana wa Kitanzania aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa, akaahidiwa msamaha akijiunga na Wagner, jeshi la kukodi la Warusi, akauawa Ukraine Oktoba 2022, mwili ukaletwa nyumbani Januari iliyofuata. Jibu nililopewa: "Yule alijitakia." Kahawa ikaendelea kumiminwa.

Nisiwaonee, maana wanajua mambo. Yule mzee wa ramani alinieleza, bila kutazama popote, kwamba Israel hairuhusu waandishi wa kigeni kuingia Gaza na kufanya kazi peke yao, kwa hiyo tunachokiona kimepigwa picha na Wapalestina wenyewe walioko ndani, na wengi wameshauawa. Aliuliza pia kwa nini mtangazaji akisema "wamekufa" hasemi nani kaua. Watangazaji niliowasikiliza Leicester, Uingereza, nilikoishi miaka yote ile, hawakunifafanulia hivyo.

Kilichonitia wazimu ni kingine.

Ami yangu, mdogo wake baba, alifariki Februari 2021 hapa hapa Tanga. Mie nilikuwa Leicester nalea wazee katika nyumba ya wazee, kazi ambayo kijiwe kizima kinaiona kichekesho, mwanamme mzima kuogesha wazungu. Januari ya mwaka huo Uingereza ilikuwa imewafungia wasafiri wanaotoka Tanzania, na kwa sisi wenye makazi kule, tukitoka huku ilikuwa lazima kujitenga. Kuanzia katikati ya Februari ikawa kulala hotelini kwa gharama zako, pauni 1,750 kwa mtu mmoja. Sikuzika. Nilipigiwa simu, nikaambiwa ami kapumzika. Na nini? Presha.

Haya, nimerudi, nimekwenda kutoa mkono wa pole uliochelewa miaka. Nikamuuliza shangazi, kwa adabu zote, shikamoo kwanza, chai kwanza. "Presha, baba." Nikamuuliza kaka yangu: sukari ilipanda. Jirani wa mlango wa pili: mafua makali, tena alilowa mvua. Mtu wa nne akaniambia ni husuda, kuna kiwanja cha Pongwe kilikuwa na maneno. Binamu yangu, aliyekaa naye ule usiku wa mwisho, ndiye pekee aliyenipa kitu cha kushika. Alisema ami alikuwa anaomba afunguliwe madirisha, na madirisha yote yalikuwa wazi. Wakatoa hata pazia. Akaomba tena.

Nikakaa nikauliza nani mwingine alikufa msimu ule. Ndipo niliposhangaa, kwa sababu kila kitu wanakumbuka. Fundi cherehani wa kona, wiki moja baada ya ami. Mwalimu mstaafu. Mume wa muuza vitumbua, akafuatiwa na muuza vitumbua mwenyewe. Wanakumbuka siku, wanakumbuka nani alichimba kaburi, wanakumbuka msiba upi ulikosa mchele. Wazee wa mtaa mmoja wamepukutika katika miezi miwili, na kila mmoja ana ugonjwa wake: huyu presha, huyu sukari, huyu umri. Ukikusanya hivyo vyote ukaviweka mbele ya mzee wa ramani, anayeweza kukuambia kombora lililopiga Kyiv limetengenezwa wapi, anakuambia, "Korona ilikuwa kwenu huko Ulaya. Huku ilipita tu."

Mliokuwa nchini mnayajua ya wakati ule kuliko mie, lakini vijana wanasahau haraka, kwa hiyo nayataja. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020. Takwimu za mwisho za taifa zilizotolewa Aprili 29 zilisema wagonjwa 480 na vifo 16, na baada ya hapo kimya cha zaidi ya mwaka. Mei Rais Magufuli akaeleza jinsi sampuli za papai na mbuzi zilivyopelekwa maabara kwa majina ya watu zikarudi na korona, na mkuu wa maabara akasimamishwa. Juni tukaambiwa maombi yamejibiwa, ugonjwa umekwisha. Julai zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizokataza kutoa habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila idhini ya mamlaka. Vyombo kadhaa vya habari vilikuwa vimeshaonja adhabu mwaka uleule. Basi mwandishi wa Tanga, mwenye watoto wanaosoma, angeandika nini? Aliandika "changamoto ya kupumua", na kila aliyesoma akaelewa. Mapema Machi 2021 katibu wa Baraza la Maaskofu Katoliki alisema hadharani kwamba katika miezi miwili wamefiwa na mapadri zaidi ya 25 na masista 60. Mapadri wana orodha, ndiyo maana walihesabika. Fundi cherehani wa kona hakuwa kwenye orodha ya mtu.

Na wananchi hawakulazimishwa wote kunyamaza, hilo lisemwe. Wengi walipenda iwe hivyo. Biashara ziliendelea, swala na misa ziliendelea, mpira ulirudi Mkwakwani, na ukimuuliza mama lishe leo atakuambia wangefunga nchi angekufa njaa kabla ya korona, na sina jibu la kumpa. Shangazi ananisimulia kujifukiza huku akicheka: sufuria la mchaichai, mkaratusi, mwarobaini na malimau, blanketi juu, watu watatu ndani kwa zamu moja. Ami naye alijifukiza, akiwa hapati pumzi. Shangazi alipofika hapo akaacha kucheka, akainuka kwenda kutazama jiko.

Msidhani nimekuja na Uingereza mfukoni kuwaonyesha. Kule kila siku saa kumi na moja jioni waziri alisimama mbele ya kamera na wataalamu wawili na michoro, vifo vya leo hivi, vya jana hivi. Alhamisi saa mbili usiku watu walitoka milangoni wakatupigia makofi. Lakini hadi Aprili 29, 2020 hesabu ile ya kila jioni ilikuwa ya waliofia hospitali tu. Waliofia kwenye nyumba za wazee hawakusomwa. Nilikuwa na mzee mmoja, mwalimu wa hisabati zamani, aliyekuwa akinakili zile takwimu kila jioni kwenye daftari, kwa peni nyekundu, na kukosoa michoro ya serikali. Alifariki kitandani kwake katikati ya Aprili. Nikawasha televisheni jioni ile kwa mazoea. Namba iliyosomwa hakuwamo. (Angeikosoa.) Kwa bahati mbaya ni siku ileile, Aprili 29, ambapo wao waliongeza waliokuwa wameachwa na sisi tukaacha kuhesabu.

Mji wetu huu ndio ungepaswa kuwa wa mwisho kuchukulia habari za vita na maradhi kwa wepesi. Nimetembea hadi Raskazone, kulikoshuka jeshi la Waingereza Novemba 1914, watu kama 8,000, wengi wao askari kutoka India, kupigana na Wajerumani na askari wao Waafrika wasiozidi sana 1,000. Walipigwa, nyuki wakawamalizia, na tarehe 5 walikuwa wanarudi melini, wameacha bunduki kwa mamia na risasi laki sita. Serikali ya London ikaikalia habari hiyo kwa miezi. Aliyekuwa Tanga wiki ile, hata kama hajui kusoma, alijua nani kashinda. Msomaji wa gazeti London hakujua. Na sisi tulikuwa na gazeti la Kiswahili, Kiongozi, lililochapwa hapa hapa shule ya Tanga, ila lilikuwa la serikali ya Kijerumani, na mnaweza kukisia liliegemea wapi.

Halafu yakaja mafua ya 1918. Yaliingia Afrika Mashariki kupitia bandari ya Mombasa, hapo jirani, mwezi Septemba, vita bado vinaendelea. Yakaitwa ya Kihispania kwa sababu Hispania haikuwa vitani, magazeti yake yakaandika waziwazi, hata kuugua kwa mfalme wao, ilhali nchi zilizokuwa zikipigana ziliwaziba waandishi wao. Dunia nzima walikufa watu wanaokadiriwa kufika milioni 50. Von Lettow, jemadari wa Wajerumani, aliposalimu amri Mbala, Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba, mafua yalikuwa yameshaingia kwa askari na wapagazi wake, na wengine wakafia kambini vita vimekwisha. Kiongozi lilikuwa limekufa tangu 1916, Mambo Leo halikuzaliwa hadi 1923. Nimeuliza wazee wa hapa kama babu zao waliwasimulia mafua yale. Nyuki kila mtu anasimulia, tena kwa mikono. Mafua, hakuna.

Mambo yamebadilika kidogo, nasikia. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilisema kuna shaka ya ugonjwa wa Marburg Kagera, waziri akakanusha, halafu tarehe 20 Rais Samia mwenyewe akasimama na mkuu wa shirika hilo Dodoma akathibitisha mgonjwa yupo. Siku sita tangu neno la kwanza hadi ukweli. Ukilinganisha na ami yangu, hiyo ni mbio. Mwezi huohuo Goma, mji wa Kongo, ilikuwa inaanguka na wanajeshi wetu wako kule, na kijiweni, naambiwa, Marburg haikumaliza hata kikombe kimoja. Goma walikesha nayo. Nimeonyeshwa hata video ya "Goma" yenye vibao vya maduka kwa Kiarabu. Nikawaonyesha vile vibao. Nikaambiwa, "Wewe umeshakuwa mzungu."

Kwa mnaojiandaa kurudi: zawadi za simu acheni, wanazo nzuri kuliko zenu. Kama una mzee hai, mpigie leo umuulize mwenyewe anaumwa nini na anakunywa dawa gani, usisubiri kuambiwa na mtu wa pembeni, na mwombe mtu apige picha kila karatasi ya hospitali. Karatasi za ami zilifungiwa kashata. Kijiweni ongea vita upendavyo, chagua upande, utapendwa. Msibani ukiambiwa presha, sema inna lillahi, kaa kwenye jamvi, kula ulichoandaliwa. Mie niliuliza mara ya pili, mbele za watu, na shangazi hajanijibu salamu tangu Ijumaa.