Chapati ya Chennai

Binti yangu amerudi na pakiti ya unga wa atta, ule wa ngano isiyokobolewa, ameamua kwamba nyumba hii sasa itakula kiafya. Akasukuma chapati zake nyembamba, akaziweka juu ya chuma kikavu bila hata tone la mafuta, na jiko zima likanuka ngano inayobabuka. "Hii ndiyo chapati ya asili, sivyo?" akaniuliza. "Ndivyo wanavyokula India kwenyewe?" Nilicheka mpaka akanuna. Sikumcheka yeye. Harufu ile ilikuwa imenirudisha Chennai, kusini mwa India, na mbele yangu Shangazi amenyanyua chapati kwa vidole viwili.

Nilikuwa nimempeleka Shangazi kutibiwa moyo. Mambo ya viza, mchango wa ukoo na safari ya ndege siyarudii. Tulipata chumba cha kupanga karibu na hospitali, na hatua chache kutoka mlangoni palikuwa na hoteli. Kule ni kama huku: kibao kimeandikwa hoteli, lakini ndani hakuna kitanda, ni meza, mabenchi na sauti za vyombo. Hilo lilimpa Shangazi matumaini. Watu wenye hoteli kama zetu, alisema, hawawezi kutusumbua kwenye chai ya asubuhi.

Walitusumbua. Kwenye kabati la kioo aliona donati, za duara, rangi ya dhahabu, na tundu katikati. Akaagiza pamoja na chai ya maziwa. Ile donati inaitwa vada, ni ya dengu zilizosagwa, na ndani yake mna pilipili manga nzima nzima. Huliwa kwa mchuzi na chatine ya nazi. Ni tamu kwelikweli, nilizimaliza mimi, lakini mtu aliyejiandaa kwa sukari akakutana na pilipili haambiliki. Kesho yake akaona mahamri yamefura vizuri. Akatoboa moja kwa kidole, hewa ikatoka, ikabaki ngozi. Haina iliki, haina sukari. Puri.

Ndipo akalisikia neno chapati. Mtu wa meza ya pili aliitamka wakati anaagiza, na Shangazi akageuka kama ameitwa jina lake. "Sasa tumefika," akasema.

Tatizo la kwanza lilikuwa lugha. Shangazi amekulia kwenye filamu za Kihindi na hujiona mwenyeji wa lugha hiyo. Alimwagizia mhudumu kwa Kihindi cha kuombana msamaha chini ya mvua, na kijana akamtazama kwa adabu zote, asielewe neno. Watamil, wenyeji wa huko, wana lugha yao, na waliingia barabarani mwaka 1965 kupinga Kihindi kufanywa lugha pekee ya serikali kuu; si lugha ya kuwatajia njaa. Kijana alimjibu, "Amma," kama wanavyomwita mama yeyote, kisha akanigeukia mimi kwa Kiingereza. Chapati mbili, nikasema.

Zikaja zimekunjwa robo, za unga usiokobolewa, nyembamba, zina madoa ya moto, kavu. Pembeni bakuli dogo la mboga za tui. Shangazi akaifungua moja, akaiinua dirishani, akaigeuza huku na huku kama mtu anayekagua noti.

"Imekosa nini?" nikamuuliza.

"Kila kitu."

Akamwita kijana. Hapo ndipo hoteli nzima ilipoacha kula. Mwanamke wa kutoka Afrika, aliyekuja kutibiwa moyo, alikuwa amesimama katikati ya meza anawafundisha Wahindi kupika chapati. Hakutumia lugha yoyote. Alikanda hewa. Akasukuma, akapaka mafuta, akakunja kamba, akaizungusha kamba ikawa duara, akaibonyeza kwa kiganja, akasukuma tena. Mpishi alitoka jikoni, mikono myeupe kwa unga, akasimama kuangalia. Aliifuata mikono ya Shangazi kwa makini sana, hatua kwa hatua, bila kucheka. Alipofika kwenye kamba, uso wake ukafunguka.

"Parotta!" akasema. Halafu akaonyesha saa ya ukutani, kidole kwenye sita. Jioni.

Mzee mmoja wa Kerala, jimbo la jirani, naye alikuwa anamuuguza mkewe, akatufafanulia. Chapati ni chakula cha watu wa kaskazini. Kusini wao ni watu wa mchele: asubuhi wanakula idli, dosa, pongal. Chapati imekuja tu, kama sisi. Na hicho anachokitaka mama huyu kinaitwa parotta, ni cha unga mweupe na mafuta mengi, na hapa watu hukila usiku.

Nimeliwaza jambo hilo mara nyingi. Mpishi Mtamil alikuwa analaumiwa kwa chakula kisicho chake, na anayemlaumu alirithi chakula hicho kwa watu waliovuka bahari, wakiwemo wale vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kujenga reli kutoka Mombasa kuanzia 1896. Mwenye chapati hakuwepo pale. Ningesema yetu ndiyo iliyopotoka njiani, lakini nawahi kumsikia Shangazi: iliyopotoka ndiyo hii tamu?

Jioni tulirudi. Sikutaka, kwa sababu daktari alikuwa amemkataza mafuta waziwazi, na nilimkumbusha njia nzima. Mpishi alikuwa nje, kwenye chuma kipana. Alipotuona aliipua parotta kadhaa, akazirundika, akazipiga kwa viganja kutoka pembeni mpaka tabaka zikaachana. Shangazi alimaliza mbili bila kunisemesha. Mafuta yalikuwa mpaka kwenye bangili. Nilimwambia jina lake ni parotta. "Hiyo ni shida yao," akasema. "Hii ni chapati."

Asubuhi iliyofuata daktari alipitia vipimo, akaangalia miguu kama imevimba, kisha akaniomba nimuulize mgonjwa alikula nini usiku. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wao siku zote. Nilipofungua mdomo, Shangazi alikuwa ameshajibu.

"Chapati," akasema, na vidole viwili juu.

Daktari alifurahi sana. Chapati ni chakula kizuri, akasema, ngano nzima, haina mafuta, laiti wagonjwa wote wangekuwa wasikivu namna hii. Akaandika kwenye faili.

"Anasemaje?" Shangazi akaninong'oneza.

Nilimtazama yeye, nikalitazama lile faili.

"Anasema uendelee."