Mwanangu hajali makofi, anajali namba za luku

Hili jambo limeniumiza muda mrefu. Mwanangu ana usonji (autism), saivi ana miaka saba, na kila akifanya kitu vizuri, labda kavaa shati mwenyewe, mi napiga makofi, natabasamu mpaka mashavu yanauma, "hongera babaaa!", yeye wala, kashageukia mlango. Watu wakaanza, huyo mtoto ana kiburi, huyo hampendi mama yake. Usiku najiuliza labda kweli.

Alafu nikakutana na utafiti wa 2010, wa kina Ashley Scott-Van Zeeland, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Waliwaingiza kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha ndani ya ubongo, wavulana 16 wenye usonji na 16 wasio nao, wakawa wanabashiri picha ni za kundi gani, ukipatia kuna zamu unaona sura inatabasamu, kuna zamu unaona sarafu za dhahabu. Sasa ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu inaitwa striatamu, ndo inapokea dopamini, kemikali ya ubongo, ndo inakufanya uone hiki kitamu ngoja nirudie. Kwa wenye usonji iliamka kidogo kuliko kwa wenzao hata kwenye sarafu, ila kwenye tabasamu ndo ilizidi kulala.

Jamani nililia. Yani tabasamu langu alikuwa analiona vizuri tu, ila likifika huko ndani halina utamu niliodhani mimi. Kiburi kiko wapi hapo? (Huo ni wastani wa kundi, wapo watoto wenye usonji wanaotaka kukumbatiwa siku nzima.)

Na 2018 kuna watafiti walikusanya tafiti nyingi wakazipima pamoja, wakaona kwa kile kitu mtoto anachokipenda kupitiliza, striatamu hiyohiyo inaamka kwa nguvu. Wa kwangu ni luku. Ile mita ya umeme ukutani, zile namba 20, kile kimlio. Basi tukabadilisha, akimaliza kula kwa kijiko anaingiza namba palepale, maana ukisubiri hata nusu saa hajui tena anazawadiwa kwa lipi. Baada ya wiki chache kijiko akawa anakitafuta mwenyewe. Hongera bado nasema, ila taratibu, pembeni yake, wakati anabonyeza.

Shangazi yake siku hizi akitutumia umeme anaugawa, elfu mbili mbili, ili mtoto abonyeze mara nyingi.